Kitu kikidondoka kutoka angani, nani anajua ni nini na nani analipa?

KAMPALA. Ijumaa ya Agosti 14, 1992, saa 9:40 alasiri, mji wa Mbale ulitikiswa na miungurumo kutoka juu, kisha mawe yakaanza kudondoka. Yalianguka mashambani, uani na katikati ya makazi, katika eneo la kilomita tatu kwa saba. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kipande cha gramu chache ambacho kilikuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia vibaya.

Miaka 32 baadaye, Desemba 30, 2024, saa tisa alasiri, wakazi wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, walishuhudia pete ya chuma ikitua katika eneo lao. Ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500. Hakuna aliyejeruhiwa.

Matukio haya mawili yalianza kwa namna moja: watu wa kawaida waliona na kusikia jambo ambalo hawakuweza kulitaja jina. Lakini majibu yalikuwa tofauti kabisa. La Mbale lilikuwa jiwe la asili, kimondo. La Makueni lilikuwa kazi ya binadamu. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mfanyabiashara ambaye lori lake, ghala lake au mzigo wake ungeweza kuwa chini ya kitu kile. Jibu la swali "ni nini?" ndilo linaloamua kama kuna wa kulipa fidia, au hasara inabaki kwa aliyepatwa nayo.

Anga la Afrika Mashariki halina Malaba wala Mutukula. Mwanga mkali ukitokea juu ya Mlima Elgon unaweza kuonekana Uganda na Kenya kwa wakati mmoja, na kabla ya maofisa wa nchi yoyote kusema neno, makundi ya WhatsApp ya madereva na wachuuzi huwa yameshatoa hukumu: ndege imeanguka, bomu limelipuka, vita vimeanza, au wageni wa sayari nyingine wamefika. Ndiyo maana inafaa kuangalia jinsi taarifa ya shuhuda inavyochunguzwa, inakosea wapi, na inasaidia wapi.

Mbale: ushuhuda uliogeuka kipimo

Mwaka 1992 hapakuwa na simu za mkononi za kurekodi video mjini Mbale. Teso, upande wa kaskazini, ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika miaka ya uasi. Mtu aliyesikia mlipuko siku zile hakuwa na sababu ya kufikiria vimondo kwanza.

Muda mfupi baada ya tukio, wataalamu wa vimondo kutoka Uholanzi, wakiwemo Peter Jenniskens na Hans Betlem, walifanya kazi Mbale pamoja na wanajiolojia, akiwemo Barifaijo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Hawakuanza na maabara. Walianza kwa kuwauliza watu: ulikuwa umesimama wapi, uliona nini, kilitoka upande gani, ulisikia sauti baada ya muda gani, na jiwe lilitua wapi hasa.

Kwa njia hiyo walitambua mahali 48 ambapo mawe yaliangukia. Dogo kuliko yote lilikuwa na uzito wa gramu 0.19, yaani chini ya punje chache za maharage, na kubwa kuliko yote lilikuwa la kilo 27.4. Hadi Oktoba 1993 walikuwa wamekusanya makadirio ya uzito wa vipande 863. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la kisayansi la Meteoritics.

Kutokana na mahali mawe yalipotua na maelezo ya mashuhuda, waliweza kurudi nyuma hadi angani. Walikadiria kwamba jiwe la awali lilikuwa na uzito wa kati ya kilo 400 na 1,000, kwamba lilitokea upande wa kusini, na kwamba liliingia katika angahewa kwa mwendo wa takriban kilomita 13.5 kwa sekunde. Kwa anayelipia mafuta ya lori, huo ni mwendo wa kutoka Kampala hadi Busia kwa muda wa kama sekunde 15. Lilianza kuvunjika pengine likiwa juu ya kilomita 25, na likasambaratika kabisa katika kimo cha kati ya kilomita 10 na 14. Kiasi cha kilo 190 kilifika ardhini, na kilo 150 kati ya hizo ziliokotwa.

Baadhi ya vipande vilipelekwa maabara haraka, kimoja kikapimwa siku 12 tu baada ya kuanguka. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Jiwe likiwa angani hupigwa na miale inayozalisha ndani yake chembe za mionzi zinazotoweka upesi. Ukichelewa, ushahidi huo unapotea, na jiwe la jana linaanza kufanana na jiwe lililokaa ardhini miaka mingi.

Mbale pia ilionyesha upande mwingine. Iliripotiwa kwamba baadhi ya watu walisaga vipande na kuvila wakiamini ni dawa ya Ukimwi iliyoshushwa na Mungu. Katika miaka ambayo ugonjwa huo ulikuwa ukizika watu kila wiki na dawa za kufubaza virusi hazijafika, imani ya namna hiyo haikutoka katika upumbavu. Ilitoka katika uhitaji. Lakini ni kumbukumbu kwamba pale maelezo ya kitaalamu yanapochelewa, maelezo mengine hayachelewi.

Shahidi anakosea wapi

Wachunguzi wa matukio ya angani hawamchukulii shahidi kuwa mwongo. Wanachofanya ni kutenganisha mambo ambayo jicho hupima vizuri na yale ambayo haliwezi kuyapima.

Jicho haliwezi kupima umbali wa mwanga usiojulikana. Mtu akiona taa ya lori usiku anaweza kukisia umbali kwa sababu anajua taa ya lori ina ukubwa gani. Akiona mwanga angani ambao hajui ukubwa wake, akili hujaza pengo. Ndiyo maana karibu kila tukio la kimondo huja na ushuhuda kwamba "kilianguka nyuma ya kile kilima."

Hesabu inasema vingine. Kimondo kinachovunjika katika kimo cha kilomita 25 kinaweza kuonekana, anga likiwa safi, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 500. Mtu aliyekuwa Kampala akiangalia mashariki angeweza kukiona kimondo cha Mbale kikiwa chini karibu na upeo, na kuapa kwamba kimetua Mukono. Mwenzake wa Eldoret angekiona magharibi. Wote wawili wanasema kweli kuhusu upande, na wote wanakosea kuhusu umbali. Maelezo yao yakiwekwa pamoja kwenye ramani, mistari miwili hukutana mahali penyewe. Shahidi mmoja hawezi kuleta jibu hilo peke yake, hata awe mkweli kiasi gani.

Sauti nayo husaidia. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Aliyeona mwanga, kisha akasikia mshindo baada ya sekunde 40, alikuwa umbali wa kilomita kama 13 kutoka palipotokea mlipuko. Aliyeona mwanga mkubwa bila kusikia chochote alikuwa mbali sana, hata kama moyo wake unamwambia kitu kilipita juu ya paa. Kwa hiyo swali la "ulihesabu muda gani kabla ya kusikia?" lina thamani kuliko swali la "kilikuwa kikubwa kama nini?"

Kuna tukio la zamani linaloonyesha jinsi idadi ya mashuhuda peke yake isivyotosha. Februari 1951, ndege ya shirika la East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi ilikuwa na rubani, mhudumu wa redio na abiria walioona kitu kirefu kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Walikitazama kwa dakika kadhaa. Walikuwa watu wenye akili timamu, na rubani alizoea kuangalia anga kila siku. Hata hivyo tukio hilo halikupata jibu la kukubalika na wote.

Kilichokosekana hapo ni shuhuda wa pili aliyesimama kwingine. Watu wote waliomo ndani ya ndege moja wanaangalia kutoka sehemu moja, na kwa upande wa kipimo wanahesabika kama jicho moja. Hapakuwa na kitu kilichookotwa, na hapakuwa na mstari wa pili wa kuukata ule wa kwanza. Mbale ilikuwa na mashuhuda waliotapakaa, na mawe mkononi. Neno "kisichotambulika" katika taarifa ya namna hii lina maana hiyo tu: vipimo havikutosha. Halisemi kwamba kitu kilitoka sayari nyingine, na halisemi kwamba shuhuda alidanganya.

Anga la leo lina wapangaji wengi

Tangu 1992 anga limejaa. Mwaka 2024 peke yake dunia ilishuhudia zaidi ya safari 250 za maroketi kwenda angani. Mtandao wa Starlink una zaidi ya setilaiti 6,000 zinazozunguka. Uganda nayo iliingia humo: setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Marekani Novemba 7, 2022 pamoja na ile ya Zimbabwe, ZIMSAT-1. Kenya ina historia ndefu zaidi kama mwenyeji, kwani setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970.

Kwa anayesafiri usiku kati ya Kampala na mipakani, vitu vinavyozua taarifa nyingi ni vichache, na kila kimoja kina alama zake.

Mstari wa taa nyingi zinazofuatana kama behewa za treni, bila sauti, mara nyingi ni setilaiti za Starlink siku chache baada ya kurushwa. Huonekana baada ya jua kuzama au kabla ya kuchomoza, kwa sababu zinaangazwa na jua ambalo sisi hatulioni tena. Taa moja nyeupe inayosafiri kwa utulivu na kuvuka anga kwa dakika chache bila kupepesa huenda ni kituo cha kimataifa cha angani. Taa kali inayokaa upande wa magharibi jioni, au mashariki alfajiri, kwa wiki nyingi mfululizo, ni sayari ya Zuhura. Hii imewasumbua hata marubani. Dereva wa gari linalotembea huona kama inamfuata, kwa sababu miti na nyumba za karibu hurudi nyuma na yenyewe haibanduki.

Kimondo hakikai. Huwaka na kuzima ndani ya sekunde chache. Kipande cha roketi au setilaiti kinachorudi duniani huingia kwa mwendo mdogo kuliko wa vimondo vingi, takriban kilomita saba au nane kwa sekunde, na huvuka anga taratibu kikiacha nyuma yake vipande vingi vinavyowaka. Tukio likidumu nusu dakika au zaidi, uwezekano wa kuwa ni mabaki ya chombo cha angani huongezeka.

Kuna pia maputo. Kuanzia Julai 2020, kampuni ya Loon iliyokuwa chini ya Alphabet, mmiliki wa Google, ilirusha maputo yapatayo 35 kuwapelekea wateja wa Telkom Kenya intaneti. Yalielea katika kimo cha kama kilomita 20, juu kuliko ndege za abiria, na Uganda ilikuwa imekubali yapite katika anga lake. Mradi ulitangazwa kufungwa Januari 2021. Katika kipindi hicho, mtu aliyeona kitu cheupe kimesimama juu sana mchana alikuwa ameona kitu halisi, chenye mwenyewe na chenye kibali. Hakuwa na mahali rahisi pa kuuliza tu.

Makueni: kitu kipo, mwenyewe hajulikani

Tukio la Makueni lilikuwa rahisi kwa upande mmoja: kitu chenyewe kilikuwepo, kikilala shambani. Shirika la Anga la Kenya (KSA) lilifika na vyombo vya usalama, likazingira eneo na kuchukua pete ile. Januari 1, 2025 lilitoa taarifa kwamba tathmini ya awali inaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Lilieleza kwamba vitu hivyo kwa kawaida hutengenezwa viungue vinaporudi katika angahewa, au viangukie mahali pasipo watu kama baharini, na kwamba hilo lilikuwa tukio la pekee ambalo lingechunguzwa kwa kufuata sheria za kimataifa.

Upande mgumu ulikuwa kumpata mwenyewe. Siku chache tu baadaye zilienea habari kwamba pete ni ya roketi ya India, na kwamba Kenya imedai fidia. KSA ilizikana, ikisema uchunguzi unaendelea. Wakati huohuo, wafuatiliaji wa setilaiti wasio wa serikali walikuwa wakipiga hesabu zao. Marco Langbroek wa Uholanzi alionyesha kwamba kipande cha roketi ya Ulaya ya Ariane 5, iliyorushwa Julai 2008, kilitarajiwa kurudi duniani siku hiyohiyo, na kwamba saa na njia yake vinakubaliana na Makueni.

Hapo pana somo kwa kila anayesambaza habari. Habari ya India ilienea kwa sababu ilikuwa mpya na yenye jina. Hesabu ya Ariane ilitokana na ulinganisho wa saa, njia na umbo la kitu. Na hata hesabu nzuri ya mtafiti bado si uamuzi wa kisheria. Ili nchi idai fidia, lazima nchi iliyorusha itambuliwe rasmi.

Pia linaonyesha thamani ya shuhuda wa kijijini. Kilichoruhusu ulinganisho ule kufanyika ni kwamba wakazi walijua saa ambayo kitu kilianguka. Kama wangesema tu "mchana," kingebaki chuma kisicho na mwenyewe.

Fidia: mlango wa serikali, si wa duka

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ambao Uganda imo tangu 1968, unasema umiliki wa kitu kilichorushwa angani haubadiliki hata kikirudi duniani. Mkataba wa Dhima wa 1972 unakwenda mbali zaidi: nchi iliyorusha inawajibika moja kwa moja kwa uharibifu unaotokea ardhini, bila aliyeathirika kulazimika kuthibitisha uzembe.

Habari hiyo njema ina masharti. Anayedai chini ya mkataba huo ni serikali, kwa njia ya kidiplomasia. Mwenye duka la Kikuubo hawezi kwenda mwenyewe na risiti zake. Na dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu uharibifu utokee au tangu nchi husika itambulike. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Kanada. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilisambaa kaskazini mwa nchi hiyo. Kanada ilidai dola milioni sita za Kanada. Mwaka 1981 Wasovieti walikubali kulipa milioni tatu.

Kama kilichoanguka ni kimondo, hakuna nchi ya kudai. Hapo kinabaki bima. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo madereva wengi wanaovuka mipaka wanayo, ni bima ya madhara ambayo gari lako linamsababishia mtu mwingine. Haigusi paa la lori lako likitobolewa na jiwe, wala mzigo uliomo. Bima kubwa ya gari na bima ya mizigo safarini zinaweza kugusa, lakini inategemea maneno ya mkataba. Ni swali la kumuuliza wakala kabla ya kusaini, hata kama atacheka. Uwezekano ni mdogo sana, lakini swali hilohilo linafichua kama bima yako inagusa mti, mvua ya mawe na ukuta unaoanguka, mambo ambayo si madogo.

Kama ni ndege, puto au droni, mwenye kubeba dhima ni mwenye chombo, kwa sheria za nchi husika. Hapo ndipo namba iliyoandikwa kwenye kipande, picha na saa vinapogeuka pesa.

Biashara ya mawe na vyuma vya angani

Kuna wanaosikia habari za kimondo wakafikiria soko. Vipande vya Mbale vilifika mikononi mwa wakusanyaji wa nchi za nje, na vimondo huuzwa duniani kwa gramu. Julai 2011, kimondo kilipoanguka karibu na Thika nchini Kenya, wanunuzi kutoka nje walifuata haraka. Pale pesa inapofuata jiwe, matapeli hufuata pesa.

Mawe mengi yanayouzwa kama ya angani ni mabaki ya viwanda vya kuyeyusha chuma. Yana rangi nyeusi, ni mazito na hushika sumaku, kwa hiyo humdanganya mtu. Lakini mara nyingi yana vitundu vya mapovu ndani, na kimondo kwa kawaida hakina. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ngozi nyembamba nyeusi kama kilichochomwa, na ndani rangi hutofautiana. Vipande vyote vya Mbale vilikuwa na ngozi hiyo. Hata hivyo jibu la mwisho hutolewa na maabara, na Kampala ina wanajiolojia Makerere, huku kurugenzi ya serikali ya jiolojia na madini ikiwa Entebbe.

Anayevuka mpaka na jiwe hilo asitarajie forodha imuulize kama limetoka juu au chini. Itamuuliza karatasi. Uganda ina Sheria ya Madini ya 2022, na majirani wana sheria zao za madini na za urithi wa taifa. Kuna nchi zinazochukulia kimondo kama urithi usiouzwa. Wafanyabiashara wa njia ya Mbeya na Tunduma wanakijua kimondo cha Mbozi, chuma cha tani kama 16 ambacho Tanzania imekihifadhi palepale kilipo. Kinaleta watalii, na hakuna aliyekibeba.

Kwa wanunuzi wa chuma chakavu onyo ni kubwa zaidi. Kipande cha roketi si chuma kisicho na mwenyewe. Kina mwenyewe, na ni kielelezo cha uchunguzi. Matangi ya vyombo vya angani yanaweza kuwa na mabaki ya hidrazini, mafuta yenye sumu kali hata kwa kuvuta harufu. Isitoshe, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka chuma chakavu cha chuma cha kusubu katika orodha ya bidhaa zenye vizuizi vya kusafirishwa nje. Anayekata kitu kama kile cha Makueni kwa msumeno ili akiuze kwa kilo anahatarisha mapafu yake, anafuta ushahidi wa fidia ya kijiji kizima, na anajiandalia kesi.

Kinachokosekana mpakani

Uwezo wa kuchunguza upo katika kanda, ila umegawanyika. Kenya ina KSA. Rwanda ina shirika lake la anga. Uganda ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Makerere. Jumuiya yenyewe ina wakala wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, lakini kazi yake ni ndege na viwanja vya ndege.

Mwananchi aliyeko Lwakhakha au Busia akiona moto ukivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine, atapiga simu polisi wa upande wake. Mwenzake wa ng'ambo atapiga kwao. Mistari miwili ambayo ingekutana kwenye ramani inabaki katika madaftari mawili ya vituo viwili vya polisi. Kubadilishana taarifa hizo hakuhitaji jengo wala bajeti kubwa. Kunahitaji fomu moja, lugha moja inayoeleweka pande zote, na ofisa mmoja katika kila nchi mwenye wajibu wa kuituma. Jumuiya iliyoweza kukubaliana kuhusu hati moja ya forodha inaweza kukubaliana kuhusu hilo.

Hadi hapo, shuhuda mwenyewe ndiye chombo cha kwanza cha kupimia. Wataalamu wanachohitaji kutoka kwake kinaandikika kwenye nyuma ya risiti:

Saa kamili, kwa kuangalia simu papo hapo.

Mahali uliposimama, si mahali unapodhani kilianguka.

Upande kilipotokea na kilipopotelea, kwa kutaja jengo, mlima au barabara.

Kimo, kwa kunyoosha mkono na kuhesabu ngumi kutoka upeo wa macho. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi.

Kilidumu sekunde ngapi, na sauti ilikuja baada ya sekunde ngapi.

Kama kimeanguka, picha kutoka mbali pamoja na kitu cha kulinganisha ukubwa. Usikiguse, usikisogeze, na mjulishe mwenyekiti wa LC1 au polisi.

Maelezo hayo yaandikwe kabla ya kuzungumza na wengine, kwa sababu mashuhuda wakishakaa kibandani kwa nusu saa hutoka na hadithi moja iliyokubaliana, na tofauti ndogo zilizokuwa na thamani zimekwisha kufutika.

Mwenye duka la rejareja anajua tofauti ya daftari lililoandikwa siku ileile na lile lililojazwa kwa kukumbuka mwisho wa mwezi. Wachunguzi wa anga wanaomba la kwanza. Mbale walilipata kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, na mawe 48 yakawa ramani. Makueni saa ya tukio ilijulikana, na chuma kikaanza kupata ukoo wake.